Siku Tuliyoinyamazia Boti ya Wanamaji

Jirani yangu hapa Kibiti ana nyumba ya wageni, na umeme ukikatika huwasha jenereta. Huanza kwa kukohoa mara mbili tatu, kisha hutulia kwenye mngurumo mzito wa chini, ule unaousikia tumboni kabla haujafika masikioni. Moshi wa dizeli huruka ukuta ukaingia mpaka jikoni kwangu. Wanangu hushangilia. Mimi huacha ninachofanya, na kama nina kisu mkononi hukiweka chini. Mtu mzima mimi, nina wajukuu wawili, lakini mngurumo ule ukianza narudi kuwa na miaka tisa, nimekaa juu ya magunia ya mpunga, maji yamenizunguka pande zote.

Nilizaliwa Mbuchi, huko kwenye delta, ambako mtoto hujua kupiga kasia kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Watu waliokuwa wakipanga foleni ya sabuni sasa walizikuta sabuni za rangi tatu kibandani, na wageni kutoka Dar walifika mpaka vijijini kwetu wakitafuta kamba wa baharini na boriti. Kamba waliwanunua mchana kweupe. Boriti za mikoko zilihitaji kibali, na kibali kilikuwa mbali, kwa hiyo zilikatwa kimya kimya.

Hapo ndipo ilipoingia hofu ya boti ya kijivu. Ilikuwa boti ya doria ya wanamaji, si kubwa, pua imechongoka, kibanda cha nahodha kimeinuka katikati, na mbele bunduki imefunikwa turubai kama maiti. Kiangazi kimoja iliingia mtoni kwetu, wanaume wakakimbilia mikokoni mpaka matope yakawafika mapajani, na wawili waliokutwa na boriti wakachukuliwa. Sisi watoto tuliamini ilikuwa boti moja tu, na kwamba si ya kawaida. Mtu wa Mbuchi aliiona asubuhi, na siku hiyo hiyo mgeni aliyetoka upande wa Kilwa akasema ameiona huko. Hatukujua kwamba zilikuwa kadhaa, zimeundwa kwa umbo moja na kupakwa rangi moja. Tulisema ina jini. Bibi yangu, mzaa mama, alitusaidia kuamini. Tukilia bila sababu alisema, "Nyamaza, wanamaji watakusikia."

Zilikuwepo habari nyingine pia, kwamba boti hizo huokoa watu, kwamba ziliwahi kuwatoa wavuvi waliopinduka karibu na Mafia. Lakini habari hizo zilisimuliwa haraka, kama mtu anayemsifu mkwe asiyempenda, kisha mazungumzo yakarudi kwa wale wawili waliochukuliwa.

Mwaka huo Mama alikuwa na mimba kubwa. Baba alikuwa dago, yaani kambi ya wavuvi, na hakutarajiwa kurudi kabla ya mwezi kuandama. Asubuhi moja mkunga alimpapasa Mama tumbo, akampapasa tena, akaosha mikono. Halafu akamwita Bibi uani. Nilikuwa napeta mchele karibu nao, nikasikia.

"Mtoto kalala upande," alisema. "Huyu simzalishi mimi. Mpelekeni Mchukwi, hospitali, leo hii."

Mchukwi ilikuwa mbali. Ilibidi kwenda kwa boti mpaka Nyamisati, kupitia nje baharini, kisha kutafuta gari. Mwenye boti ya mashine alikuwa Baba Mdogo Seifu, mdogo wake Baba, kijana mcheshi aliyekuwa akinibeba mabegani ingawa nilishakuwa mkubwa. Siku hiyo hakucheka. Alimwambia Bibi kwamba petroli hana, ila yupo mnunuzi aliyempa petroli ya safari moja tu, na safari yenyewe ni ya mzigo. Bibi akamjibu, "Seifu, baba, pakia mzigo wako, tupakie na sisi."

Basi tukaondoka hivyo. Chini kabisa zilipangwa boriti, juu yake majani, juu ya majani mikeka miwili, na juu ya mikeka akalazwa Mama. Magunia ya mpunga yalipangwa kila upande ili asigaragare. Mimi nilipandishwa juu ya magunia. Bibi alikaa kichwani kwa Mama, akimpepea kwa ncha ya kanga. Macho ya Bibi yalikuwa na ukungu miaka mingi. Alitutambua kwa sauti na kwa mwendo.

Mtoni mambo yalikuwa mazuri. Nakumbuka harufu ya matope na ya majani ya mikoko yaliyochomwa na jua, na kaa wekundu wakipunga magando yao ukingoni. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Sikuwahi kufika Nyamisati. Nilikuwa nimevaa gauni la sikukuu.

Mashine ilizimika kwenye mlango wa mto, pale maji ya mto yanapokutana na bahari. Ilikohoa, ikashika, ikakohoa, ikafa. Baba Mdogo alivuta kamba ya kuiwashia mpaka kiganja kikachubuka. Alifungua tangi, akanusa, akaonja kwa ulimi, akatema.

"Ina maji," alisema. "Petroli ina maji."

Yalikuwa ni maji ya bamvua, yale yanayojaa na kutoka kwa nguvu kuliko siku zote, na yalikuwa yanakupwa. Mtu asiyeijua delta hawezi kufikiri jinsi maji yanavyotoka pale bamvua likikupwa, kana kwamba mto wote umekumbuka kuwa umechelewa mahali. Alipiga kasia, likavunjika. Aliteremsha nanga, ikaburura. Mikoko ikawa mstari, mstari ukawa mwembamba. Mawimbi ya mafungu ya mchanga yakaanza kuingia ndani. Baba Mdogo alinipa kopo la samli, yeye akachukua ndoo, tukakumba maji. Kila tulichotoa kilirudi na kingine.

Uchungu wa Mama ulianza kitambo kidogo baadaye. Hakupiga kelele. Alitia ncha ya kanga mdomoni akaiuma, na mkono wake ukanishika kifundo cha mguu, kwa kuwa mguu wangu ndio uliokuwa karibu. Kila uchungu ulipokuja, niliujua kwa mguu.

Jua lilikuwa limepita utosini nilipoiona. Kwanza ilikuwa kama alama ya penseli kwenye upeo wa macho. Halafu ikawa na pua, ikawa na kibanda, na upepo ulipogeuka nikausikia mngurumo. Ilikuwa inapita mbali kidogo nasi, inakwenda zake kaskazini. Hawakuwa wametuona. Boti yetu ilikuwa imezama nusu, na kati yetu nao palikuwa na mawimbi.

Nilifungua mdomo niite, nikaufumba. Niliwaza: watakuja, watatuona na boriti. Watamchukua Baba Mdogo. Watamchukua na Mama, maana yeye ndiye anayezilalia. Nikamtazama Baba Mdogo. Alikuwa ameacha kukumba maji. Alikuwa anatazama kule kule nilikokuwa natazama mimi, kisha akageuka, akaipa boti ya kijivu mgongo, akaendelea na ndoo yake, haraka kuliko mwanzo. Akakutana na macho yangu. Hakusema kitu, wala mimi sikusema.

Sijui ilichukua muda gani. Labda wa chai kuchemka. Mngurumo ulikuwa wazi kabisa, lakini Bibi, ambaye masikio yake yalikuwa mazima, alikuwa ameinama juu ya Mama akiomba dua kwa sauti, na upepo na maji vilimzonga. Aliomba kwa Kiarabu alichokijua, kikamwishia, akaendelea kwa maneno ya nyumbani.

"Ya Rabi, tuletee mtu. Tuletee hata mtumbwi." Akavuta pumzi. "Tuletee hata hao wanamaji, ya Rabi. Hata hao. Nitawabusu mikono."

Boti ilikuwa imekwisha tupita. Nilikuwa naona sehemu ya nyuma tu, na povu jeupe inaloburura. Mkono wa Mama kwenye mguu wangu ulikuwa umelegea, haukubani tena, na hilo lilinitisha kuliko bunduki.

Nilisimama juu ya magunia. Nilivua gauni langu la sikukuu, nikabaki na chupi mbele ya watu, nikalipunga na kupiga ukelele ulionifanya niumwe koo siku nne. Nilipiga tena. Baba Mdogo aligeuka, akanitazama kama mtu aliyezabwa kofi. Halafu akatupa ndoo, akavua shati, akaruka juu ya magunia pembeni yangu na kupiga kelele kunishinda, na alikuwa analia.

Povu lile jeupe lilipinda. Pua ya kijivu ikatugeukia.

Nitawaambia ukweli: ilipokuja, nilitamani nisingeita. Karibu ilikuwa kubwa, na mngurumo wake ulitikisa meno yangu. Walitupa kamba. Mwanamaji mmoja, jitu la watu lenye jaketi la rangi ya chungwa, aliruka ndani ya boti yetu akainama kumshika Mama, nami nikamrukia nikamng'ata mkono. Nilimng'ata kwelikweli, niliisikia chumvi yake.

Hakunipiga. Alisema kwa lafudhi ya bara, "Dada, meno yako makali. Ngoja tumpandishe mama kwanza, halafu urudi kunimalizia."

Walimfunga Mama kwenye machela, wakampandisha taratibu, wawili juu, wawili chini. Alipoinuliwa, mikeka iliinuka naye, majani yakasogezwa na maji, na boriti zikabaki wazi, zimepangwa vizuri kama vitabu. Mkubwa wao, mtu mwembamba mwenye mvi, alikuwa amesimama juu anatazama. Baba Mdogo alinyoosha mikono yake miwili pamoja, viganja juu, afungwe.

"Shusha mikono," alisema yule mkubwa. "Shika kamba. Hayo mengine utayaeleza nchi kavu."

Alishika kamba. Walituvuta. Mimi nilifunikwa blanketi lililonuka dizeli, nikapewa chai ya maziwa ya kopo kwenye kikombe cha bati, na yule niliyemng'ata akaketi karibu akijifunga kitambaa mkononi. Nilimuuliza kama boti hii ndiyo ile ya Kilwa. Alicheka. "Ile ni ndugu yake. Wako wengi, mama mmoja baba mmoja." Nilimwona mwongo.

Nyamisati tulikuta gari la wanunuzi wa kamba. Walishusha makasha ya barafu, wakampakia Mama pale pale palipokuwa na kamba, na dereva akaendesha mpaka Mchukwi. Walimpasua jioni ile ile. Mama alipona. Mtoto, wa kiume, alitolewa amekwisha kufa. Bibi alimwosha mwenyewe, akizifuata kwa vidole sura asizoweza kuziona.

Baba Mdogo aliwaeleza watu wa misitu kila kitu, akafungwa miezi kadhaa, akarudi amekonda na bado mcheshi. Hatukuzungumza kamwe kuhusu ule muda wa chai kuchemka. Alifariki kwa homa kabla sijaolewa, akaenda nao.

Mimi nilibaki nao peke yangu. Nilihesabu kila aina ya hesabu. Kama ningepiga ukelele mara ya kwanza nilipoiona, je, yule mtoto angekuwa hai? Kila nilipomwona mvulana wa umri ambao angekuwa nao, nilihesabu upya. Sikumwambia mtu.

Nilimwambia Mama nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, hospitali ile ile ya Mchukwi. Alikuwa ananikanda miguu. Sijui kwa nini siku hiyo. Labda ni mkono wake kushika kifundo cha mguu wangu. Nilimwambia kwamba niliiona boti mapema, nikanyamaza, kwamba mtoto wake nimemuua mimi.

Hakuacha kunikanda.

"Niliiona," alisema.

Nilidhani sijasikia vizuri. "Mama?"

"Nililala nimeelekea bahari. Kati ya magunia palikuwa na mwanya, upana wa kiganja. Niliiona kabla yako, wewe ulikuwa unakumba maji. Nikafumba macho." Alihamia mguu wa pili. "Seifu alibeba zile boriti ili mimi nifike hospitali. Bila mzigo hapakuwa na petroli. Nikasema moyoni, wakija watamfunga, nami nitarudi kumwambia nini mume wangu? Nikasema ngoja, labda maji yatageuka. Kila uchungu ulipotulia nilisema ngoja kidogo."

Mwanangu alianza kulia. Alimwinua, akamweka kifuani kwangu, akamshikilia kichwa mpaka akashika titi.

"Yule mtoto alikuwa wangu," alisema. "Kunyamaza kwangu ni kwangu. Kwa Seifu ni kwa Seifu. Wewe sijakusikia ukinyamaza, mwanangu. Nilichokisikia mimi siku ile ni ukelele."

Nilipokuwa na miaka tisa niliamini kwamba ndani ya boti yetu mwoga alikuwa mmoja, na kwamba watu wazima wanapokuwa kimya wanajua la kufanya. Kumbe tulikuwa watatu tuliokuwa tukiitazama, kila mmoja akiogopa kwa sababu yake na kudhani yuko peke yake, na mtu pekee aliyethubutu kuiomba ije alikuwa kipofu. Nililia sana kitandani pale, huku mtoto akinyonya. Mama aliniacha nilie. Alipomaliza miguu akaanza kunikanda mgongo.