Chumvi ya Dirishani

Fundi viatu alikuwa mwongo tangu ana meno ya utotoni. Kiatu hajakigusa, anakwambia kimebaki kupakwa rangi tu. Aliwahi kumuuzia bwana mmoja viatu viwili vyote vya mguu wa kushoto, akamshikilia kwamba kasoro iko kwenye miguu yake. Kwa hiyo figo zilipomgomea, akawa anakwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, hakuna aliyetegemea kwamba ugonjwa utamtia adabu.

Mkewe ndiye aliyemhurumia. Nesi alimweleza kuwa chumvi inaleta kiu, kiu inaleta maji, na mtu asiyekojoa maji yake yataishia miguuni na kifuani. Basi mama wa watu akaacha kutia chumvi kwenye sufuria. Na hakumtengea mumewe peke yake; alikula naye mboga hizo hizo, ladha yake kama matambara yaliyochemshwa, mwaka mzima, ili mwenzake asijione kafungwa peke yake.

Halafu fundi akaanza kuvimba. Kila akipanda mizani hospitalini, maji yamezidi. Akitoka kwenye mashine kiu inamshika mpaka ananyonya kitambaa kibichi. Akaapa kwamba hajalamba chumvi, na kwa kuwa aliapa, mkewe akajua kalamba. Alimpekua mifuko, akamnusa vidole, kisha akafunga nguo zake akahamia kwa binti yao. Alisema kama ni mwanamke wa nje angevumilia, lakini kusalitiwa kwa chumvi, naye kala matambara mwaka mzima, hapana.

Maskini fundi, safari hii alikuwa anasema kweli, na kwa kutoizoea akaisema vibaya, kwa viapo vingi na machozi. Alimtuma binti, akamtuma mkwe, akapiga simu mwenyewe. Mkewe alipokea, akasikiliza mpaka mwisho, akakata.

Sasa, kwenye chumba cha kusafishia damu kila kiti kina mashine yake. Cha dirishani kina upepo na unaona watu barabarani. Cha mlangoni pa choo unajua mwenyewe. Mashine ya dirishani iliporudishwa kutoka matengenezoni, siku chache kabla hajaanza kuvimba, fundi alikuwa wa kwanza kujitupa kwenye kiti kile, akasema kapangiwa na daktari. Daktari hata hakuwa na habari. Mgonjwa mwenzake, mwalimu mkuu mstaafu, alipougundua uongo huo, mke keshahama, akamng'oa na kukikalia yeye. Fundi akapelekwa kiti cha mlangoni pa choo, na juu yake mwalimu akampa hotuba ya kuzuia tamaa ya tumbo.

Mara iliyofuata mwalimu mkuu akaja macho yamefumbwa na uvimbe, anaomba barafu ya kumung'unya. Nesi akamuuliza kama alikula samaki wa chumvi, naye akanuna kama kaulizwa kama kaiba kuku. Wakati huo fundi kapanda mizani mwepesi, hana kiu wala kitambaa.

Nesi akamtazama huyu, akamtazama yule, akalitazama dirisha. Akamwita fundi wa mashine. Yule akakinga kidogo yale maji ambayo mashine inachanganya na dawa ili kusafishia damu, akayapeleka maabara. Kwenye kioo mashine ilionyesha chumvi iko sawasawa. Maabara ikasema imezidi mno. Kipimo chake cha ndani kilikuwa kimepotoka, ikawa inawatilia watu chumvi kwenye damu huku inawaonyesha uso wa mtakatifu. Fundi viatu aliiangalia kwa heshima. Kudanganya vile bila kupepesa jicho, hata yeye hakuwahi kufika huko.

Nesi mwenyewe alimpigia simu mkewe. Mke akarudi jioni na mabegi yake, akayatua katikati ya sebule.

"Kwa hiyo ulikuwa unasema kweli," akasema.

"Si nilikwambia, mama watoto?"

"Ulinambia. Na yule bwana ulimwambia kasoro iko kwenye miguu yake. Ningejuaje?"

Hakuomba radhi, na wala asingeomba. Aliingia jikoni akapika. Akamwekea mumewe mboga zake zisizo na kitu, kisha akatoa kwenye begi kopo la chumvi na kunyunyiza sahani yake mwenyewe, taratibu, kama anayemwagilia maua. Fundi akauliza kama naye hapati hata punje.

"Wewe ulishakula ya kwako dirishani."

Akala. Mkewe alipomuuliza mboga zikoje, akajibu bila kupepesa jicho kwamba ni tamu sana, hajawahi kula kama hizo.

Mkewe akaendelea kutafuna. Mume wake alikuwa amepona.