Nyumba ya Kwanza ya Vipande Ruwi

Mwaka 1970 nilirudi Maskati na shahada yangu ya Kairo, na mjomba wangu akanipa kazi. Alikuwa ameahidiwa uwakala wa kampuni ya Ulaya iliyotengeneza nyumba kiwandani na kuzisafirisha melini vipande vipande. Sharti: auze nyumba ya kwanza kabla ya meli ya pili kufika, la sivyo uwakala apewe mfanyabiashara mwengine. Mimi nilitakiwa kuitafsiri historia ya kampuni kwa ajili ya wanunuzi, na kuamua nyumba ielekee wapi.

Siku nne nilikizunguka kiwanja cha mjomba kule Ruwi, nje kidogo ya mji. Nilifikiria upepo, vumbi la barabara, hata maji ya wadi, mto mkavu wa pale, yangepita wapi mvua ikinyesha. Nikabadilisha mawazo, nikabadilisha tena. Lakini siku ya kujenga niliisahau hofu yote. Asubuhi palikuwa mchanga mtupu. Alasiri palikuwa na nyumba yenye madirisha ya vioo, na majirani wakizigonga kuta kwa vidole wasikie zinaliaje.

Mnunuzi alikuwa bibi mjane kutoka Unguja, aliyepanga chumba kimoja mji wa jirani, Matrah, na binti zake watatu. Alipenda jiko, akapenda vyumba. Kisha akaingia chooni, akakaa juu ya kifuniko na baibui lake.

"Mwanangu, kibla iko wapi?"

Nikatazama dirishani. Jua la alasiri lilikuwa linampiga usoni, na Maskati kibla iko magharibi.

"Basi nnaelekea Makka," akasema, "na hapa si msikitini."

Kwetu choo hakielekezwi kibla wala hakipewi mgongo. Mtoto mdogo anajua.

Mjomba akanigeukia. "Miaka minne Kairo. Huko hawaendi chooni?"

Bibi alikwisha kuvaa viatu nilipokumbuka ukurasa niliokuwa nikiutafsiri. Kampuni ilianza na seremala aliyewajengea vibanda mafundi wa reli. Reli ikisogea, vibanda vinafunguliwa na kusogezwa. Kwa hiyo kila kipande cha ukuta alikipa upana mmoja, kiweze kukaa popote, na kukifunga kwa bolti tu, na mpaka nyumba yetu hii desturi ilikuwa ile ile.

"Bibi, ngoja kidogo," nikasema. "Ukuta wenye tundu la bomba tunauhamishia upande wa kusini, na choo kinaufuata. Shimo la maji machafu liko pembeni pale pale."

"Ukuta unahama?"

"Unahama."

"Haya, uhame huku nnaona."

Mafundi wakachukua spana. Nilishika upande mmoja wa ukuta mwenyewe, nikicheka peke yangu. Haikufika saa moja, choo kikawa kinatazama kaskazini.

Bibi akaingia, akafunga mlango. Tulisimama nje, mjomba akizungusha tasbihi. Bibi akakaa humo muda mrefu kuliko unaohitajika kupima kiti. Akatoka. Alimwita binti yake mkubwa, aliyekuja naye.

"Rudi Matrah, kamwambie mwenye chumba tunahama. Na magodoro yaje leo."