Maneno ya Kukataa Niliyojifunza Wikioni

Wikio letu lilinuka chokaa na mavi ya punda. Naitaja harufu hiyo bila haya, kwa sababu ndiyo harufu ya Kiingereza changu. Wikio, kwa asiyeijua Lamu, ni kidaraja chenye kuta na paa kinachopita juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, ili wanawake waende kwa jirani bila kushuka njiani wakaonekana. Letu lilikuwa na kidirisha kimoja cha kuchungulia na sakafu ambayo kila msimu wa kaskazi ilibanduka chokaa na kuniacha na nyayo nyeupe. Upande huu ilikuwa nyumba yetu. Upande wa pili ilikuwa nyumba nyingine ya Baba, aliyompangisha Mwalimu Rukia, binti wa Mombasa aliyekuja kufundisha shule ya wasichana. Chini yetu punda walipita na mawe na boriti, wavulana walipita wakisukumana kwenda shule, nami nilisimama juu, miguu ikiniwasha, nikitamani kuwa popote pale isipokuwa hapo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa na umri wa kama miaka kumi na miwili. Nilikuwa mtoto asiyekaa kitako. Nikipewa mchele niuchague, nilipepeta mara mbili nikainuka. Nikiambiwa nikunje nguo, nilikunja moja nikaenda kuchungulia dirishani. Bibi, mama yake Baba, alisema nilizaliwa na siafu miguuni. Lakini kaskazi ile nilikuwa na sababu. Mwishoni mwa msimu angekuja memsahibu wa idara ya elimu kuchagua msichana wa kwenda shule ya bweni kule Mombasa. Kama singechaguliwa, nilijua vizuri sana kinachonisubiri: kutawishwa, yaani kuwekwa ndani, nisitoke tena mchana mpaka apatikane mume. Na mume mwenyewe alikwisha kunong'onwa, binamu yangu wa Pate, mtu mzima na ndevu zake. Baba alikuwa hajasema ndiyo wala siyo kwa lolote. Akiulizwa habari ya shule, alijibu, "Tutaona." Akiulizwa habari ya binamu, alijibu vilevile, "Tutaona." Loo, neno lile lilinichoma! Nililala nalo, nikaamka nalo, na kila Baba alipofungua kinywa roho ilinipanda juu.

Basi kila baada ya alasiri nilivuka wikio kwenda kwa Mwalimu Rukia. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Alinieleza kwamba mtihani wa Kiingereza hupenda kuuliza maneno na vikataa vyake, na kwamba wasichana wengi huangukia hapo. Tulianza na mepesi, "happy" na "unhappy", nikadhani nimemaliza. Kumbe! Wazungu hawana kikataa kimoja. Neno hili linataka "un", lile linataka "in", jingine "im", jingine "il" au "ir" au "dis", na hapana mtu wa kukwambia kwa nini. Nilimuuliza mwalimu kwa nini isiwe "unpossible", mbona inatamkika? "Wacha ubishi, Esha," akanijibu. "Shika kama ulivyoshika Juzuu Amma ya Kurani. Maana itakuja baadaye." Nami nikashika hivyo hivyo, kwa njia niliyoizoea chuo cha Kurani tangu utotoni: miguu nimeikunja, mwili unakwenda mbele na nyuma, sauti inapanda na kushuka. Mwalimu alitupa neno, mimi nikalirudisha likiwa limekataa. "Legible." "Illegible," maandishi yasiyosomeka. "Movable." "Immovable." "Obedient." "Disobedient." Alinikataza kuyumba, akasema memsahibu hatapenda. Nilijaribu kutulia, lakini mwili ukisimama na maneno yalisimama, kwa hiyo aliniacha niyumbe.

Nilianza kuyapenda maneno yale kwa ulafi. Yale marefu ndiyo yaliyonipendeza zaidi, kwa sababu yalijaza kinywa: "inconsolable", mtu asiyefarijika, "irreparable", kitu kisichotengenezeka, "insubordinate", asiyekubali kuamrishwa, ambalo Mwalimu Rukia alisema nilishike sana kwa kuwa ni jina langu. Nikawa nayagawa nyumbani kama mtu anayegawa peremende. Bibi, aliyekaa kitandani pake tangu asubuhi na hainuliwi hata na mvua inayovuja, nilimpa "immovable". Paka wa jirani aliyeiba samaki na kurudi kesho yake kuiba tena nilimpa "incorrigible". Mama nilihangaika naye. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, ukimtazama hujui kama amefurahi au amechoka. Mwalimu akanitafutia "inscrutable", mtu ambaye sura yake haisomeki, nami nikaona limemkaa sawasawa. Nilitembea kiwandani, ule ua wa ndani ya nyumba, nikiyakariri kwa sauti mpaka Bibi akapiga ukelele kwa Kiamu chake, "Ebo! Huyu mtoto kapagawa? Na hiyo Mombasa ndiyo nini? Nti ya watu, mtoto wa kike, peke yake! Ndia yenyewe waijua wewe?" Nikamwambia naijua: mashua hadi Mokowe, kisha basi. Akasema, "Lahaula," akageukia ukutani.

Sasa hapa lazima nieleze jambo moja la kwetu. Msichana mwenye adabu, akiulizwa jambo kubwa mbele ya baba yake na wageni, hajibu. Anainamisha uso, anauma ncha ya mtandio, anatazama vidole vya miguu. Kule kunyamaza ndiko kukubali kwake. Akisema "nataka" kwa kinywa chake, huyo hana haya, na aibu ni ya ukoo mzima. Mwaka ule ule alipoozwa Khadija wa nyumba ya nyuma, wazee walikuja mpaka mlangoni kumuuliza kama ameridhia. Khadija kimya. Wakauliza tena. Kimya. Wanawake tuliojazana mle ndani tukapasua vigelegele hadi dari likatetema, na watu wa barabarani wakajua kwamba mambo yamekwisha. Hakuna aliyetilia shaka. Kigelegele kikishapigwa hakirudishwi, kwa maana mji mzima umekwisha kusikia. Hayo nilikuwa nayo mwilini kama nilivyokuwa na kiu na usingizi, wala sikufikiria hata siku moja kwamba kuna mtu duniani asiyeyajua.

Memsahibu alikuja asubuhi moja, jua likiwa kali. Mtihani wa kuandika nilikwisha kuufanya shuleni siku iliyotangulia, na vile vikataa vyote nilivimaliza bila kufuta hata kimoja. Mwalimu Rukia alinikumbatia kwenye wikio akanong'ona kwamba nimepasi, sasa imebaki memsahibu aonane na mimi na Baba. Memsahibu aliketishwa kwenye sabule, chumba chetu cha wageni, pamoja na karani wake wa kumfasiria, Bwana Athmani, kijana wa Lamu aliyevaa koti juu ya kanzu. Baba, Bwana Shee mwenyewe, alikaa mkabala nao. Nyuma ya pazia walikuwa Mama, Bibi na Mwalimu Rukia, na nilijua hivyo kwa sababu pazia lilikuwa likipumua. Mimi nilisimamishwa katikati ya zulia, nimevaa gauni jipya linaloniwasha shingoni. Memsahibu hakuwa mtu mbaya. Alinitazama kwa upole akaniuliza kwa Kiingereza polepole, "Unataka kuja kusoma Mombasa?" Kisha karani akalirudia swali kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, mbele ya Baba.

Yarabi, jinsi nilivyotaka! Kwa hiyo nikafanya kama anavyofanya msichana anayetaka sana: niliinamisha uso, nikauma mtandio, nikanyamaza. Memsahibu akauliza tena. Nikazidi kuinama. Nilijivunia adabu yangu. Kwa hesabu za kwetu nilikuwa nimekubali mara mbili, tena kwa heshima zote, na nilikuwa nikingoja tu kusikia furaha ikilipuka nyuma ya pazia. Badala yake nikamsikia memsahibu akishusha pumzi na kumwambia karani, kwa Kiingereza, kwamba ni huzuni, mtoto ana akili lakini ni "unwilling". Hataki. Akasema hawezi kumchukua mtoto kwa nguvu, tena nafasi ni moja na kuna msichana mwingine Malindi. Nilimtazama Bwana Athmani. Alikuwa mtu wa kwetu, mama yake alikuwa akija kwetu kusuka ukili na Bibi, alijua fika kimya changu kinasema nini. Lakini kazi yake ilikuwa kufasiri maneno, na mimi sikuwa nimetoa neno la kufasiriwa. Alitazama viatu vyake.

Mle chumbani waliolielewa neno lile walikuwa wao wawili na mimi, na Mwalimu Rukia ambaye hakuweza kutoka nyuma ya pazia mbele ya wanaume. Baba hakujua kwamba nimekwisha kukataliwa. Alikuwa ametulia, anangoja kahawa. Nikaona kitanda cha Bibi, nikaona ndevu za Pate, nikaona kidirisha cha wikio na mimi ndani yake mpaka nizeeke, na kinywa kikafunguka chenyewe. "I am not unwilling," nikasema. Baada ya hapo sikuweza kujizuia. "I am not unable. I am not disobedient. It is not impossible." Na mwili nao ukaanza, mbele na nyuma, kama niko chuoni, sauti ikipanda na kushuka, nikiyatoa yote niliyokuwa nayo, hata "illegible" ambalo halikuwa na kazi pale. Memsahibu alifunika mdomo kwa mkono. Sijui hadi leo kama alicheka.

Baba aligeuka taratibu kwa karani. "Asemaje huyu?" Kama karani angefasiri maneno yangu yalivyo, binti wa Bwana Shee angekuwa amesema "nataka" mbele ya wanaume na mgeni, na Baba asingekuwa na njia ila kunirudisha ndani ili kuokoa uso wake. Bwana Athmani alikohoa. Akasema kwa adabu kubwa, "Asema, ni vile utakavyo wewe, Bwana Shee." Uongo mtupu, Mungu amsamehe na amlaze mahali pema! Kwa neno lile alinivika haya yangu tena, akampa Baba mzigo autue mwenyewe. Na Baba, aliyekwishazoea "tutaona" yake, safari hii hata hiyo haikumtoka. Alinyamaza. Alitazama chini. Memsahibu akaanza kufunga mkoba wake, maana amekwisha kuona kwamba mtoto anataka lakini baba hataki.

Ndipo nyuma ya pazia kikapasuka kigelegele. Kimoja, kirefu, chembamba, kisichotetereka. Sikukijua ni cha nani, kwa kuwa sikuwahi kukisikia. Bibi hakuwa, yeye alikuwa akisema "Astaghfirullah." Mwalimu Rukia hakuwa, alikuwa akilia. Alikuwa Mama. Kabla hajamaliza, jirani wa wikio la pili alimpokea, na wa nyumba ya nyuma akampokea huyo, hata wanaume wakaanza kubisha hodi barazani kuuliza nani anaolewa kwa Bwana Shee. Baba aliinua uso. Akamwashiria karani memsahibu apewe kahawa, na karani akamfasiria memsahibu kigelegele kile: wamekubali. Mpaka anafariki hakunieleza kama siku ile alikuwa amekubali au alikuwa bado anafikiri. Mama ndiye aliyemkubalia.

Nilikwenda. Nililia njia nzima kutoka Mokowe na nilifurahi njia nzima, vyote pamoja, na msichana aliyekaa ubavuni mwangu ndani ya basi aliniuliza kama naumwa. Nikasoma, nikafundisha, nikazunguka miji mingi kwa sababu siafu wa miguuni hawakunitoka, na sasa uzee umenirudisha Lamu, kwenye nyumba ile ile. Wasichana wa siku hizi hawachungulii, wanapita chini kichochoroni na simu sikioni, na Kiingereza wanakitema kama kokwa za ukwaju. Hawahitaji kukishika kwa kuyumba. Nawaonea wivu, na mara nyingine wananiudhi kwa kelele zao. Hata hivyo hivi majuzi walikuja watu kumposa mjukuu wangu Nadia, msichana wa chuo kikuu, mwenye mdomo kama mimi. Akaulizwa. Akainamisha uso, kimya. Wanawake walikwisha kuvuta pumzi. Nikainua mkono nikasema ngojeni. Nikamwambia, "Nadia, sema kwa mdomo wako." Walininunia wote. Akasema, "Sitaki, Bibi." Ikawa vurugu, na wageni wakaondoka bila kumaliza halwa.

Jioni yake nilikaa peke yangu nikimfikiria Mama. Aliwahi kunihadithia, akinisuka nywele, kwamba siku Baba alipomposa alikuwa na umri kama wangu wa wakati ule, na kwamba wazee walipokuja mlangoni kumuuliza, alinyamaza, shangazi zake wakapiga vigelegele. Akaendelea kusuka. Kile kimya chake kilikuwa cha namna gani, hakuna aliyemuuliza.