Beberu Aliyerithi Kitanda

Kwii, kwii, ngo. Mpaka leo nikifumba macho nausikia mtambo wa kukamulia mawese wa Mama Odeta: mti ukizungushwa juu ya pipa, chuma kikilalamika, kisha ngo, mti ukigonga ukingo. Mimi na rafiki yangu Odeta tuliusukuma kila tukitoka shule, matumbo kwenye mti, mafuta mekundu hadi viwikoni, tukiimba ili tusichoke. Nyumba yao ilipakana na yetu pale Katubuka. Mama Odeta alikimbia vita Burundi akiwa msichana, akaolewa na Muha wa hapahapa, na michikichi yote ya nyuma ya nyumba aliipanda kwa mkono wake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe alipewa, naye akalima kwelikweli. Hakuna aliyemwambia kwamba jembe ni lake ila udongo si wake.

Baba yake Odeta alifariki mwaka ule ambao wakimbizi wengine wengi walikuwa wakiingia, mitumbwi ikishusha watu ufukoni na malori yakiwapeleka kambini. Siku ya kuanua matanga, mdogo wa marehemu, Baba Mdogo Gervas, alisimama akasema mwanamke harithi nyumba, na huyu tena ni mkimbizi, hana haki hata ya shimo la kuzikiwa. Wazee wa ukoo wakaitikia. Mjane akapewa muda hadi shule zifungwe. Odeta alituhadithia hayo darasani huku akilia, na mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Spesioza, akaweka chaki chini. "Basi siku ya kufunga shule tutacheza igizo," alisema. "Mtu akijiona kwenye kioo, ataona haya." Nilimwamini. Nilikuwa mtoto wa kuota mchana kweupe, na tayari nilimwona Gervas akifuta machozi na kuomba radhi mbele ya wazazi wote.

Mimi, ingawa msichana, nilipewa nafasi ya shemeji mwenye tamaa, kwa kuwa nilikuwa mrefu na haya sikuwa nazo. Nilipima mlango kwa kamba, nikapima kitanda, chungu, mpaka kivuli cha mchikichi, kila kimoja nikikiita "cha ukoo". Odeta, aliyeigiza mjane, aliniuliza, "Shemeji, kama mimi sirithi, kitanda hiki atarithi nani?" Hapo nilimvuta beberu mbele ya watu, nikajibu, "Huyu! Ana ndevu, ni dume, tena kazaliwa hapahapa." Tukamlaza kitandani tukamfunika shuka. Kosa letu lilianzia kwa huyo beberu. Beberu mwenye ndevu za kupendeza mtaani kwetu alikuwa wa Gervas mwenyewe, nasi tulikwenda kumwazima kwa adabu zote: "Shikamoo Baba Mdogo, shule inamhitaji beberu wako." Na kwetu, mtu akitoa kitu chake kwa ajili ya sherehe, sherehe imekuwa yake. Alikuja amepiga pasi shati, akawekewa kiti mstari wa mbele.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwoneni beberu wangu! Mwoneni anavyorithi!" Watu waliokuwa wameanza kuinamisha vichwa wakamtazama, wakaanza kucheka naye, maana ni vigumu kununa karibu na mtu anayecheka hivyo. Nyani haoni kundule. Mwisho aliinuka kunituza, akavua kofia yake ya pama akanivika mbele ya shule nzima. "Mwasiti, leo wewe ni mwanamume kamili!" Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilitembea na kofia ile hadi nyumbani nikipunga mikono. Mama Odeta alikuwa mlangoni kwake. Aliitazama kofia, akasema polepole, "Mwana wanje," yaani mwanangu kwa lugha ya kwao, "imekukaa vizuri."

Jumatatu Gervas alikuja na kamba. Akapima kama nilivyopima mimi: mlango, kitanda, kisha uani. Majirani wakajaa. Alipofika kwenye michikichi aliniona nimesimama pale na kofia yake kichwani, akanikonyeza. "Na kivuli je, mwenzangu, tupime?" Watu wakacheka, walewale wa shuleni. Tulitaka kumtia aibu, kumbe tulikuwa tumemtafutia utani wa kumrahisishia kazi. Siku ya tatu lori lilimchukua Mama Odeta na mwanawe kwenda kambini. Mtambo ulibaki uani, kimya.

Siku hizi nina kiwanja Bangwe, na jina lililo kwenye karatasi ni langu. Afisa ardhi hakuniuliza mume wangu yuko wapi. Majirani ndio waliouliza. Naona vikundi vya vijana wakiigiza habari za wajane kwenye mikutano, watu wanacheka, nami siwezi kutazama jukwaa, natazama nani anacheka mstari wa mbele. Odeta sijui alipo. Nikikutana na mtu aliyewahi kuishi kambini huuliza, na jibu huwa lilelile: hamjui. Basi hunirudia jioni ile, vumbi la lori lilipotulia, nilipokwenda peke yangu nyuma ya nyumba ya Gervas. Beberu alikuwa amefungwa kwenye kigingi, anacheua. Nilivua kofia, nikaipachika kwenye pembe zake, nikaifunga vizuri kwa kamba ya mgomba chini ya zile ndevu zake, nikarudi nyumbani kichwa kitupu.