Hodi ya Shangazi Zuwena

Hunijia mara kwa mara, mwanangu, asubuhi moja ya mwishoni mwa miaka ya themanini, nyumbani kwa shangazi yangu Bi Zuwena, Mji Mkongwe. Yeye akikaa juu, na chini akikaa Raya, mtoto wa jirani aliyefariki, ambaye shangazi alimlea tangu ananyonya. Shangazi hakuzaa. Warithi wake tulikuwa mimi na kaka yangu Salum, watoto wa marehemu kaka yake. Raya, kwa sheria yetu, hakuwa mrithi.

Shangazi alikuwa akipepeta mchele. Mimi, kijana wa madarasa machache na maneno mengi, nikamwambia:

"Shangazi, andika wasia. Nyumba yote mpe Raya, yaishe."

"Wasia mwisho wake theluthi ya mali. Na theluthi ya nyumba utaikata wapi? Kwenye ngazi?"

"Basi sisi tutamwacha akae."

Akaniangalia, ungo mkononi. "Wewe hutamfukuza, najua. Mkeo ndiye simjui bado."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Kama nnataka mtoto awe na pa kulala, nimpe ningali hai, nnaona. Nisiwaachie nyinyi mzigo wa kuwa wema."

Akaenda kwa kadhi, akaitia wakfu sehemu ya chini: akae Raya na kizazi chake, isiuzwe wala isirithiwe. Ya juu akaiacha iwe mirathi. Kadhi alimwonya, kama nakumbuka sawa alivyonihadithia, kwamba wasia mtu anaweza kuubadilisha hata kesho, lakini wakfu ukishatoka haurudi.

Tangu siku ile shangazi hakuingia chini bila ya kubisha. Alisimama mlangoni akaita, mtaa mzima ukasikia: "Hodi!"

Mwanzoni Raya alilia. "Mama, unapiga hodi kwako?"

"Si kwangu tena. Sema karibu, miguu inaniuma!"

Alipofariki, watalii walikuwa wameshajaa mjini. Akaja mtu anataka nyumba nzima aifanye hoteli. Juu peke yake hakuitaka. Salum alikuwa na mtoto mgonjwa wa moyo, wa kupelekwa India. Sitaki kumsema vibaya. Ningekuwa yeye sijui ningefanya nini, na fedha zile hata mimi nilizitamani. Tukakaa barazani na Raya, Salum akasema shangazi alikuwa mtu mzima sana, hakujua alichokitilia kidole kwa kadhi, na wakfu ule uvunjwe.

Bi Mwanahawa, jirani, hatukumwita. Alisemea dirishani kwake: "Salum mwanangu, miaka yote tumemsikia Zuwena akibisha hodi hapo chini. Mtu asiyejua alichokitoa, hubisha hodi kwake?"

Salum akainama. Kisha akainuka, akaenda mpaka mlango wa Raya, ambao ulikuwa wazi, na Raya mwenyewe tumekaa naye hapo hapo, akasema kwa sauti ndogo: "Hodi."

"Karibu, kaka," Raya akamjibu.

Mtoto alipelekwa India, kwa michango ya ukoo na bangili za Raya. Alipona, Alhamdulillahi. Juu tuliiuza baadaye kwa bei isiyofaa kitu. Nakwambia na hilo, usije ukasema nimekuficha.

Basi, mwanangu, mimi si msomi, na mambo haya kamuulize kadhi. Lakini kama bado unakihitaji kitu chako, au moyo wako haujatulia, andika wasia. Unao mlango wa kurudi. Na kama yuko mtu unayetaka asije akatolewa nje, wala hana fungu katika mirathi, mtilie wakfu ungali mzima, warithi wako wajue, kisha uwe tayari kubisha hodi mahali ulipokuwa ukiingia tu.

Mola akupe umri wa kutoa kwa mkono wako mwenyewe, na kila utakapobisha, ukute wa kukukaribisha. Amin.