Kuku wa Mama na Kompyuta ya Wazo

Mama yangu hakuwahi kugombana na jirani uso kwa uso. Aligombana na kuku. Jirani akimwaga maji machafu mbele ya mlango wetu, mama alitoka uani, akamkabili tetea wake mwekundu na kumwambia, "Wewe huna haya? Kwenu hakuna shimo, mpaka uje kumwaga kwangu?" Nyumba yetu ya Temeke ilikuwa na wapangaji wengi na kuta nyembamba, kwa hiyo kila mtu alisikia. Jirani naye alisikia, lakini angefanya nini? Anayejibu kijembe amekubali kwamba ndiye anayesemwa. Kesho yake maji yalimwagwa kwingine, na tetea akaendelea kuparua zake, hana habari.

Mie niliona aibu. Nilisoma uhazili, nikajua kupiga chapa bila kutazama vidole, nikajiapia kwamba sitakuwa mwanamke wa kusema na kuku. Mama aliposikia alicheka tu. Alisema chuo kina mwisho, uani hakuna mwisho.

Nikapata kazi Wazo, karibu na kiwanda cha saruji, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Wakati huo kila mwenye kakiwanja chake Boko au Tegeta alikuwa anajenga, na kampuni yetu iliwauzia mabati, misumari na rangi. Bosi alikuwa ofisa wa shirika la umma zamani. Shirika lilipobinafsishwa alichukua kiinua mgongo chake akafungua duka, duka likakua likawa kampuni. Alikuwa mzaliwa wa Bagamoyo, mtu wa kanzu safi siku ya Ijumaa na maneno ya taratibu siku zote. Alipenda vitu vipya kuliko mtoto mdogo. Siku intaneti ilipounganishwa alituita wote, kuanzia dereva mpaka mtunza stoo, tukavua viatu mlangoni na kusimama kimya kusikiliza modemu ikilia.

Kompyuta ile ilikaa mezani kwangu. Niliifumia kitambaa cha kuifunika kwa sababu ya vumbi la saruji, na asubuhi nilikivua kwa mikono miwili. Nilijivuna, sikatai.

Sasa niseme habari ya kaka yangu. Alikwenda kusoma uhandisi ng'ambo, katika nchi ya baridi. Mwanzoni aliandika barua ndefu. Kisha zikawa fupi, kisha akahama alikokuwa akikaa, barua zetu zikarudi na zake zikakatika. Uani wakaanza kunong'ona kwamba amelowea. Kulowea ni kwenda ugenini ukanogewa mpaka ukasahau kwenu, na kwa mama neno hilo lilikuwa baya kuliko kifo. Maiti inaombewa dua, lakini aliyelowea utamfanyia nini? Likitajwa tu, mama alinyanyuka akaenda kuchota maji hata kama ndoo zimejaa.

Rafiki wa kaka aliyekuja likizo ndiye aliyenipa anwani yake ya barua pepe. Nilimwandikia mchana wenzangu walipokwenda kula, na kesho yake jibu likawa limefika. Kesho yake! Nilipiga kigelegele pale pale, mteja aliyekuja kununua rangi akadhani nimeolewa. Jumamosi nilitoka chumbani kwangu Boko nikaenda Temeke na karatasi niliyoichapa, nikamsomea mama jamvini. Akaniambia nirudie, nikarudia. Mara ya tatu aliniambia nisome kwa sauti, na nilijua kwamba sauti ile ilikuwa kwa ajili ya majirani.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Mie namwandikia kaka mambo ya uani, nani kaachwa, nani kaoa tena, nani kaiba sufuria ya nani, naye anajibu, na Jumamosi mama anasomewa. Alinawiri. Akaanza hata kumtaja mwanawe mbele za watu.

Kisha ikaja bili ya simu. Bosi alitukusanya kwenye ua wa mabati akatuambia kwa ile sauti yake ya taratibu, "Intaneti ni ya kazi. Atakayeandikia ndugu na marafiki, tutaagana naye. Mimi si mtu wa kuchungulia, nawaachia dhamira zenu." Tangazo likabandikwa ukutani juu ya kichwa changu. Wiki ile ile mtunza stoo alikutwa akitafuta matokeo ya mpira wa Ulaya, akasimamishwa kazi. Siku hizo hizo fundi wa kompyuta alivuta waya kutoka mezani kwangu mpaka ofisini kwa bosi. Alisema ni kwa ajili ya printa.

Je, niliacha kuandika? Sikuacha. Ningemwambia nini mama? Niliandika mchana mlango wa bosi ukiwa umefungwa, nikafuta nilichoandika, nikajiona mjanja. Lakini kila siku niliogopa, maana nikifukuzwa, kaka anapotea tena, na safari hii mama asingeweza kuvumilia.

Asubuhi moja bosi aliingia nikasimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mguu wa mama? Uvimbe umepungua?"

"Umepungua kidogo, mzee, tunashukuru."

Akapita, akafunga mlango. Nikakaa. Ndipo nikashtuka. Habari ya mguu wa mama sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale kazini. Hata uani mama alikataza isitajwe. Nilimwambia mtu mmoja tu, kaka, na kwa njia moja tu. Kumbe waya ule haukuwa wa printa.

Adabu ndiyo iliyomponza. Mtu wa pwani akijua kwamba mama wa mtu anaumwa, hawezi kupita bila kuulizia, hata kama habari yenyewe ameiiba. Ulimi ulikuwa umemtangulia, na nadhani alilitambua hilo alipofika kitini, kwa sababu siku nzima hakutoka.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Mtu mzima, na kanzu yake, anakaa nyuma ya mlango anasoma maneno ya mama yangu! Halafu nikakumbuka kitu kingine, vicheko. Mara nyingi nilimsikia bosi akicheka peke yake mle ndani, bila mgeni wala simu. Kumbe alikuwa akicheka sufuria iliyoibwa. Ndiyo maana hakunifukuza. Alinogewa na hadithi, akawa anangoja nyingine, huku tangazo lake likinining'inia kichwani kwamba siku akichoka nitaondoka.

Jumamosi nilimweleza mama, nikalia. Nilisema nitaacha kuandika, au nitaacha kazi, sijui lipi.

Mama alinitazama kama niliyeunguza wali. "Anasikiliza ukutani?"

"Ndiyo, mama."

"Na mbele za watu alisema yeye si mtu wa kuchungulia?"

"Alisema."

"Sasa mwanangu, unalia nini, na kuku unaye?"

Nilifuta machozi. Jumatatu asubuhi nilivua kitambaa cha kompyuta, na mchana nikanyoosha vidole, nikamwandikia kaka. Naikumbuka vizuri mpaka leo.

"Kaka, hujambo? Sie wazima. Kuna mzee mmoja huku jirani, mtu wa heshima zake, ila ana tabia. Amekataza watu wasipike, moshi unamuumiza macho, kisha wakipika anakuja kimyakimya kufunua chungu na kuonja mchuzi. Tena anausifia! Kaka, wewe umesoma. Hivi anayekataza moto na kula mchuzi tumwiteje? Mie namwonea huruma tu, maana mchuzi wa kuiba haushibishi. Angeruhusu watu wapike saa ya chakula, angekaribishwa kama wenzake akala kwa nafasi."

Nikatuma. Nikakunja mikono kifuani nikausikiliza mlango. Kisha kikohozi, kile cha mtu aliyepaliwa, kikaendelea mpaka dereva akapeleka maji. Bosi alipotoka kwenda kuswali hakunitazama. Nilimwamkia kwa unyenyekevu mkubwa, tena nikapiga goti kidogo. Akaitikia huku akitazama mabati.

Angesema nini? Anifukuze kwa kosa gani, na alijuaje? Mtu mwingine, wa kutoka huko ambako watu husema mambo waziwazi, angenitolea barua ya kufukuzwa mbele ya wote na mchezo ungeishia hapo. Lakini huyu alikulia Bagamoyo. Mama yake naye bila shaka alifuga kuku.

Kaka akajibu upesi. Mtoto wa uani hahitaji kufafanuliwa. "Dada," aliandika, "mzee huyo msimseme vibaya. Labda kwake hakuna anayempikia." Niliposoma vile nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilijua mke wa bosi alikuwa amefariki na watoto wake walikuwa mbali, na kwamba sentensi ile alikuwa ameshaisoma na yeye.

Siku chache baadaye nilikuta ukuta juu ya kichwa changu uko mtupu. Tangazo jipya lilikuwa limebandikwa mlangoni: wafanyakazi wote wanaruhusiwa kutumia intaneti kwa mambo yao saa saba mpaka saa nane mchana. Mtunza stoo alirudishwa kazini, akatangaza kwamba ni dua ya bibi yake. Sikumbishia. Saa saba ilipofika tukapanga foleni, na mie nikawa wa kwanza. Sijawahi kushinda kitu chochote maishani kwa raha kama ile, tena bila kumkosea mtu adabu hata kwa neno moja.

Lakini waya ule haukuondolewa. Kama aliendelea kusoma au aliacha, hakuna aliyejua.

Mama ndiye aliyetaka kujua. Mguu ulipopona alisema anakuja Wazo kumwandikia mwanawe mwenyewe, amechoka kusemewa. Akaja na doti ya kanga mpya na udi kwenye nguo, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Wenzangu walimpa kiti karibu na kompyuta. Mlango wa bosi ulikuwa wazi kidogo, upana wa mkono.

"Andika," akasema. "Mwanangu wa pekee wa kiume, ni mimi mama yako. Huku wanasema umelowea. Mimi siwajibu." Vidole vyangu vilikwama hapo kidogo, akaningoja. "Andika. Nakula, nalala, naswali. Na kuna mzee mmoja wa watu aliyeniulizia mguu wangu kabla hajanijua. Mtu wa namna hiyo hanyimwi salamu. Mwambie, baba, kwamba mguu umepona, naukanyagia mpaka chini."

"Alhamdulillahi," ikasema sauti nyuma ya mlango.

Mtunza stoo alibaki na kikombe mdomoni. Mama hakugeuka hata kidogo. Alirekebisha kanga begani na kuniambia, "Na hilo liandike, kama lilivyosemwa."

Mlango ukafunguka. Bosi akatoka taratibu, uso umeiva, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama akasema. "Kumbe upo?"

Nasikia mpaka leo kicheko kilivyopasuka mle ndani, na cha bosi mwenyewe ndicho kilichodumu kuliko vyote. Jioni ile alimtuma dereva ampeleke mama mpaka Temeke, mlangoni kwake.

Waya uliondolewa. Lakini hilo kwa mama halikuwa lolote. Yeye alisubiri jibu la kaka, na Jumamosi nilimpelekea. Nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu lilikuwa mstari mmoja tu. Mama akaniambia nisome kwa sauti, pale uani, majirani wakiwa wamekaa na vyungu vyao.

Nikasoma: "Mama, huyo aliyesema Alhamdulillahi ndiye mwenye kuonja mchuzi?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu, akacheka mpaka akalia, machozi akayafuta na pindo la kanga. Kisha akasimama katikati ya uani, akamtafuta tetea wake kwa macho.

"Umesikia, wewe?" akamwambia. "Wangu hajalowea."

Uani hakujibu mtu.