Kamba ya Mjusi

Mdogo wangu alikuwa fundi wa kupaka rangi majengo marefu, na kwa vile alivyokuwa anang'ang'ania kuta, watu walimwita Mjusi. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na mama yetu. Kazi yenyewe iko hivi: kamba nene inafungwa juu ya paa, inashuka mpaka kwenye ubao, wewe unakaa juu ya huo ubao na ndoo yako ubavuni, unajishusha kidogo kidogo huku unapaka. Miguu inaelea. Siku moja nilikwenda kumtazama, na sikwenda tena.

Sasa kwenye kazi yao kuna utaratibu unaonipandisha hasira mpaka leo. Mkandarasi analeta rangi tu. Fundi anakuja na vingine vyote: brashi, rola, ubao, kamba. Ukifika getini mikono mitupu huitwi fundi, unaitwa kibarua, unapewa mwiko ukoroge rangi, na malipo yako ni ya kibarua. Na wanaoulinda utaratibu huo ni mafundi wenyewe, kuliko hata mkandarasi. Mtu akithubutu kusema bosi anunue kamba, wenzake wanamcheka, wanamwuliza kama na chupi pia anataka anunuliwe na bosi.

Mimi ni mshonaji, nashona sare kwenye karakana ya mtu. Cherehani ni ya tajiri, sindano ni zake, uzi ni wake. Mashine ikigoma nakunja mikono, nasubiri aje kuitengeneza, na sijawahi kujiona si fundi kwa sababu hiyo. Mjusi nilimpa vidonge vyake mara nyingi, tena mbele ya mkewe. Akanijibu kwamba cherehani haina pa kuniangusha. Kamba ya bosi, akasema, hujui jana imevuta nini wala imelala wapi, lakini kamba yako unaijua kama mwanao. Hapo alinibana, maana hata mimi mkasi wangu simwazimi mtu.

Lakini hiyo kamba aliyoijua kama mwanawe ilikuwa imechoka. Pale inapopinda kwenye ukingo wa paa, ilisagwa na zege kila siku ya Mungu. Wifi yangu alikuwa anaianika uani pamoja na nguo, nami nikipita naipapasa. Macho yangu yamezoea nyuzi. Sehemu moja zilikuwa zimekatika na kusimama kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Nikamwambia wifi hii kamba itatuletea msiba. Akasema ameshaongea mpaka mdomo umekauka, na kila wakipanga kamba mpya linazuka jambo jingine la nyumbani. Akaendelea kuanika.

Basi akaja nyapara mpya pale kazini, mtu wa masharti, akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu atakagua vifaa vya kila fundi getini. Kifaa kibovu, mwenyewe anarudi kwake. Weee, nilifurahi mimi! Nikajua Mjusi atarudishwa, atanuna wiki nzima, halafu atatafuta kamba nyingine akitaka asitake. Usingizi wangu wa Jumamosi ile ulikuwa mtamu.

Jumapili nikamkuta uani amechuchumaa na kopo la rangi ya kijivu, masalio ya kazini, anaipaka kamba. Yote, ncha mpaka ncha. Alikuwa anapiga mluzi. Akaniambia nisimtolee macho, wenzake wote wamefanya hivyohivyo, nyapara anakagua kwa macho tu, hapapasi. Ilipokauka niliipitisha vidoleni nikaona imekuwa ngumu, inateleza, imependeza. Zile nyuzi zilizosimama zilikuwa zimelala chini ya rangi, na vidole vyangu havikuzipata.

"Hebu nionyeshe palipoharibika," nikamwambia.

Akaichukua akicheka, akaipitisha mkononi taratibu, akarudi nyuma, akaipitisha tena. Kicheko kikaisha.

"Hapa," akasema. Kisha akasogeza mkono. "Au hapa."

Asubuhi nilisimama mlangoni kwake nikamzibia njia. Nilimsihi, nikamtukana, nikamsihi tena. Akasema asipotokea, ukuta wake atapewa mwingine, naye ataanza kukoroga rangi na nywele zake zimeanza mvi. Akanishika mabega, akanisogeza pembeni kama mtu anayesogeza kiti, akaondoka na gunia lake.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Baba Pacha, fundi mwenzake. Getini nyapara aliinyanyua kamba ya Mjusi juu, akawaambia wengine watazame, hivi ndivyo fundi anavyotunza vifaa vyake. Walipanda, wakashuka na mbao zao ubavu kwa ubavu, wakitaniana. Kabla ya saa ya chakula Baba Pacha akasikia mlio kama kitambaa kinachanwa. Alipogeuka, ubao wa jirani yake haukuwepo.

Mkandarasi alikuja msibani na uso wa majonzi. Alisema yote yanayopaswa kusemwa, kisha akasema kwa upole kwamba kamba ilikuwa ya marehemu mwenyewe, na hakuna aliyemlazimisha. Kila neno lilikuwa kweli, na ndiyo maana nilitaka kumrukia. Akamkabidhi wifi gunia lenye vifaa vyote, kamba imekunjwa, brashi zimeoshwa vizuri. Mali ya marehemu, akasema, wao hawana haki ya kukaa nayo.

Matanga yalipokwisha, Baba Pacha alikuja nyumbani. Alimwuliza wifi hali ya watoto, kisha akaeleza shida yake. Kamba yake mwenyewe ilikuwa imekataliwa kwenye ukaguzi wa pili, sasa anakoroga rangi, na wale pacha wake wanakula kila siku. Alikuwa anaomba kamba ya Mjusi. Angekata kipande kile kibovu, kilichobaki bado kirefu.

Damu ilinichemka. Nilimwuliza kama amerogwa. Wifi machozi yalikuwa yanamtoka tu. Nikaivuta ile kamba gunini, nikaitupa kwenye beseni, nikachukua mafuta ya taa niimwagie, rangi yote itoke, aone kwa macho yake kilicholala chini. Pengine kingekuwa kipande kimoja kibovu, pengine kamba nzima.

Baba Pacha alipiga magoti, akanishika mkono wenye chupa.

"Usiitoe rangi, dada," akasema. "Rangi ikitoka, hawatanipokea."